Majina ambayo lebo hazikuyaandika

Mwambie mtu wa Dar, Tanga au Mombasa akutajie rege ya Uingereza. Atataja UB40, na wimbo atakaouanza ni "Red Red Wine". Tumeusikia kwenye daladala, harusini, redioni usiku wa manane, na mimi nilikua nikiamini ni wao walioutunga. Kumbe mtunzi ni Mmarekani, Neil Diamond, aliyeutoa mwaka 1967. Aliyeutia mwendo wa rege ni kijana wa Kijamaika aliyekuwa akiishi Uingereza, Tony Tribe. Santuri yake ilitoka 1969, ikatayarishwa na Mjamaika mwenzake Dandy Livingstone, na ikafika nafasi ya 46 kwenye chati. UB40 wamesema wenyewe kwamba waliufahamu wimbo kupitia kwake. Wakaurudia 1983, ukafika namba moja, na dunia ikawajua. Tony Tribe alikufa akiwa kijana bado, muda mfupi baada ya santuri ile. Kwenye nakala zake za mwanzo hata jina halikuandikwa sawasawa. Lebo, ile karatasi ya duara katikati ya sahani, inasomeka "Tony Tripe".

Habari hizi nimezipata chini ya ngazi za nyumba moja ya Brockley, kusini mashariki mwa London, nilipopanga chumba kwa bibi mmoja mjane wa Kijamaika. Nilifika pale kutafuta malazi karibu na kazi, sikuwa nikitafuta muziki. Bibi alitoka jimbo la Clarendon, akaingia Uingereza katika majira ya kuchipua ya 1962, kabla ya Julai ya mwaka huo ambapo sheria mpya ya uhamiaji ilibana mlango kwa watu wa makoloni. Alifanya kazi za wodini mpaka akastaafu. Mumewe alikuwa fundi umeme mchana, na usiku wa Jumamosi alikuwa mwenye saundi: spika zake mwenyewe, amplifaya yake mwenyewe ya valvu, santuri zake mwenyewe, na vijana wawili watatu wa kubeba.

Ieleweke saundi ni nini, maana kwetu tungesema tu "disko", na disko haitoshi. Wakaribi, yaani watu wa Jamaika, Trinidad na visiwa jirani, waliofika London miaka ya 1950 na 1960 walizuiwa milangoni kwenye kumbi nyingi za dansi kwa sababu ya rangi. Wakacheza muziki majumbani. Fanicha inatolewa sebuleni, mazulia yanakunjwa, spika ndefu kama kabati inasimamishwa ukutani, jikoni kuna mchuzi wa mbuzi na bia, mtu analipa kidogo mlangoni. Besi ilipigwa mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Kodi za nyumba zililipwa kwa dansi hizo. Wasichana na wavulana waliozaliwa Uingereza walijifunzia humo nyimbo za visiwa ambavyo hawajawahi kuviona.

Mzee alipofariki, vyombo vyake vilirundikwa chini ya ngazi na kwenye chumba cha ghala. Vilikaa miaka. Kisha mwanawe, ambaye simlaumu maana ana familia na madeni yake, akaanza kusema nyumba ni kubwa mno kwa mama yake, iuzwe. Akaletwa mtu wa kusafisha nyumba, wale wanaonunua vitu vya marehemu kwa jumla. Alivuta kreti tatu, akapekua kwa vidole vya mtu anayejua anachotafuta, akachomoa santuri kama kumi hivi na kuziweka pembeni, kisha akataja bei moja kwa ghala zima. Bibi alikuwa amesimama na kitambaa cha jikoni mkononi. Akamwambia, "Hizo ulizoweka pembeni zirudishe ulipozitoa." Mtu yule akaondoka, Bibi akanigeukia: "Mwanangu, wewe unajua kompyuta. Tuziandike kabla hawajarudi."

Tukaanza Jumapili zile, baada ya ibada yake na kabla ya zamu yangu ya usiku.

Kwanza nilidhani kazi ni ya kuhesabu: jina la msanii, jina la wimbo, kampuni, mwaka. Kwenye santuri za zamani zaidi ilikwenda hivyo. Kulikuwa na sahani za kasi ya 78, nzito, zinazovunjika ukizidondosha, za kampuni ya Melodisc iliyoanzishwa London mwaka 1949 na Emil Shalit. Hizo Mzee alizirithi kwa binamu yake aliyemtangulia kuja. Mojawapo ni "Victory Test Match" ya Lord Beginner ya mwaka 1950, aliyoimba baada ya timu ya kriketi ya West Indies kuifunga England uwanjani Lord's kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ya Uingereza. Beginner alikuwa Mtrinidad, na alifika kwa Empire Windrush, meli maarufu ya wahamiaji wa Karibi iliyotia nanga bandari ya Tilbury Juni 1948, pamoja na Lord Kitchener, ambaye kamera za habari zilimnasa akiimba kalipso, mtindo wa nyimbo za Trinidad, kuhusu London hata kabla hajaitembea. Ndani ya meli hiyo alikuwemo pia mwimbaji wa kike, Mona Baptiste, aliyekuja kupata jina kubwa Ujerumani. Siku hizi Windrush inatajwa kila mwaka kwenye sherehe, na Kitchener anatajwa, kwa haki kabisa. Mona Baptiste ni nadra kumsikia.

Tazama lebo ya Beginner ile. Imeandikwa yeye na Calypso Rhythm Kings. Wafalme hao ni nani? Aliyepiga klarineti ile inayocheka katikati ya wimbo ni nani? Lebo haisemi. Nilikulia Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, na nyumbani kwetu kulikuwa na santuri za taarab. Nilipoiinua ile ya Beginner nikakumbuka kwamba hata zetu ziliandika jina la klabu na la mwimbaji, na mpiga fidla akabaki "na wenzake".

Ugumu wenyewe ulikuja tulipofika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Mzee ni santuri ndogo za kasi ya 45 zenye lebo nyeupe tupu. Nyingine zina muhuri wa mpira wa jina la duka, nyingine herufi mbili za kalamu, nyingine hazina kitu. Hizi zilikuwa nakala za awali, zilizosambazwa kwa wenye saundi kabla kampuni haijachapa lebo, na mara nyingi lebo haikuja kuchapwa kabisa. Mwenye saundi alipenda iwe hivyo, kwa sababu mpinzani wake akichungulia kwenye sahani inayozunguka asijue ni wimbo gani. Wengine walibandua lebo kwa makusudi. Kilichokuwa siri ya ushindani Jumamosi ile, miaka hamsini baadaye kimekuwa ukuta. Mwenye kujua siri amekufa.

Sasa nieleze tunavyofanya na sahani moja. Unaishika kwa ukingo. Unaigeuza kwenye mwanga wa taa ya mezani mpaka uone eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Pale kuna namba zilizokwaruzwa kwa mkono na fundi aliyechonga sahani mama. Namba hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa; lebo inaweza kudanganya, namba ni vigumu. Mafundi wengine waliacha na majina yao. George Peckham, kwa mfano, alichora jina lake la utani, Porky, kwenye santuri za makampuni mengi, na watu hadi leo wanazitafuta kwa alama hiyo. Inaniuma kidogo kila ninapolifikiria hilo: fundi wa kuchonga ana jina kwenye sahani, binti aliyeimba hana.

Baada ya kunakili namba, tunasafisha kwa maji yasiyo na chumvi, yale yale tunayoyajua nyumbani kama maji ya betri, na kitambaa kisichoacha nyuzi, kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Sahani za 78 usiziguse na spiriti. Inayeyusha utomvu uliotengenezewa. Sindano yake nayo ni nene kuliko ya 45. Kisha tunapiga mara moja tu, tukirekodi kwenye faili kubwa lisilobanwa, biti 24 na kilohezi 96, kama wahifadhi wa sauti wanavyoshauri. Bibi hakuelewa kwa nini nisitengeneze faili dogo la simu. Nilimwambia faili dogo la kusikiliza tutalitoa kwenye kubwa wakati wowote, kubwa hatutalipata kwenye dogo. Akanielewa mara moja. Ni mtu aliyelea watoto kwa bajeti.

Zilizoniumiza zaidi ni zile sahani za kipekee, zinazoitwa dubplate. Mwenye saundi alikwenda na utepe kwenye chumba cha kuchonga, akachongewa nakala moja pekee, labda mwimbaji amelitia jina la saundi yake ndani ya wimbo ili kuwakoga wapinzani. Sahani hiyo ni bati la alumini lililopakwa laka laini. Kila ikipigwa inalika. Ikikaa miaka mingi mahali penye unyevu na joto linalopanda na kushuka, laka inatoa unga mweupe wa mafuta, halafu inapasuka vipande na kubanduka kutoka kwenye bati. Tulifungua bahasha moja, laka ikamwagika mapajani mwa Bibi. Wimbo ule haukuwa na nakala nyingine popote duniani. Kwenye bahasha Mzee aliandika "Usipige kabla ya saa nane usiku". Bahasha tumeiweka.

Tangu siku hiyo mpangilio wa kazi ukabadilika. Zile za laka zilikuja mbele, kisha kaseti, kisha lebo nyeupe, na zile za kampuni kubwa zikaenda mwisho, hata kama ndizo wanunuzi wanazozililia. Jambo hili ningependa kila mwenye makreti ya baba au mjomba wake alijue: bei ya sokoni si kipimo cha haraka ya kuokoa. Santuri ya Tony Tribe ipo kwenye nyumba nyingi za Uingereza. Sauti ya Mzee akitangaza jina la bibi harusi kwenye ukumbi wa kanisa haipo kwingine.

Brockley si mahali pa kawaida kwenye habari hii. Kutoka kwa Bibi unatembea kwa miguu hadi Upper Brockley Road, ambako katikati ya miaka ya 1970 Dennis Harris alikuwa na studio, na mwaka 1977 kampuni yake ya santuri iliyoitwa Lovers Rock ikautia jina mtindo mzima wa muziki. Rege ya mapenzi, ya taratibu, yenye besi nzito na sauti za wasichana weusi wa London. Dennis Bovell, aliyeletwa kutoka Barbados akiwa na miaka 12, ndiye alikuwa kwenye mashine pale, na John Kpiaye kwenye gitaa. Kundi la Brown Sugar lilianzia hapo, na mmoja wao, Caron Wheeler, ndiye sauti utakayoikumbuka kwenye nyimbo za kundi la Soul II Soul za 1989. Kabla yao, 1975, Louisa Mark, msichana wa shule, aliimba "Caught You in a Lie" chini ya Lloyd Coxsone, mwenye saundi maarufu. Mwaka 1979 Janet Kay akafika nafasi ya pili kwenye chati za Uingereza na "Silly Games", utunzi wa Bovell.

Nafasi ya pili ilikuwa ajabu, na sababu yake ya kuwa ajabu inasikitisha. Chati zilihesabiwa kutoka kwenye maduka yaliyochaguliwa, na maduka ya Wakaribi, yale ya vibanda vya sokoni na vyumba vidogo vya pembezoni, kwa kawaida hayakuwamo. Santuri ingeweza kuuzwa maelfu Lewisham, Brixton, Harlesden na Handsworth na isionekane kwenye orodha yoyote. Redio ilitazama chati. Isiyo kwenye chati haipigwi, isiyopigwa haiingii kwenye chati. Hivyo kuna nyimbo ambazo kila Mjamaika wa umri fulani London anaziimba neno kwa neno, na kwa nyaraka rasmi ni kama hazikuwahi kutoka. Mtu akikwambia muziki fulani ulisahauliwa, muulize kwanza kama uliwahi kuandikwa.

Bibi aliliona hilo kabla yangu. Nilikuwa namsubiri anitajie miaka. Yeye alikuwa anasikiliza sauti. Nikipiga lebo nyeupe, anafumba macho, anasema, "Huyu ni yule dada aliyekuwa akisali kule Deptford," au "Hiyo besi ni ya yule kijana mrefu, mama yake alikuwa akishona." Nikaacha kumuuliza "nani msanii" nikawa namuuliza "ulimsikia wapi" na "nani alikuwepo". Majibu yakaja kwa wingi, nami nikawasha kinasa sauti cha simu na kuacha kiendelee. Nusu ya tulichonacho leo kwenye jedwali kimetoka kwenye maongezi hayo, wala si kwenye lebo.

Wimbo mmoja una sauti tatu za wasichana nyuma ya mwimbaji wa kiume, wanaitikia kwa upole sana, halafu beti ya mwisho mmoja wao anapanda juu peke yake na kukaa huko. Lebo nyeupe, namba ya mkono, basi. Bibi alisema ile sauti ya juu anaisikia kila Jumapili. Wiki iliyofuata akaja na mwenzake wa kwaya, mama wa makamo aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi. Hatukumwambia kitu. Nikaweka sindano.

Alisikiliza mpaka beti ya mwisho bila kusogea. Kisha akaimba pamoja na nafsi yake ya miaka kumi na sita, chini kidogo kwa sababu ya umri, akafika pale juu na kushuka nayo. Akatwambia waliitwa na mtayarishaji mmoja baada ya shule, wakaimba nyimbo nne jioni moja, wakapewa nauli ya basi na kuku wa kukaanga. Hakuwahi kujua kama wimbo ulitoka. Mama yake hakutaka binti wa kanisa aimbe mambo ya dunia, hivyo hakuulizia. Wale wengine wawili alituambia majina yao kamili hapo hapo, pamoja na madarasa waliyosoma.

Nilipoutafuta wimbo ule nikaukuta tayari uko kwenye mkusanyiko uliochapwa upya na kuuzwa, umerudiwa kutoka santuri ya mtu, na unapigwa redioni. Waliouchapa hawakuwahi kumtafuta. Hapo nikajifunza jambo ambalo ningependa Waswahili wenye wasanii wazee nyumbani walijue. Uingereza kuna shirika linaloitwa PPL, linalokusanya ada rekodi inapopigwa redioni, kwenye televisheni, madukani na kwenye baa. Nusu humwendea mwenye rekodi, na nusu huwaendea walioimba na kupiga vyombo, hata waitikiaji wa nyuma. Wenye haki ya utunzi wana chama chao kingine, PRS. Na rekodi zilizotolewa kuanzia 1963 zinalindwa miaka 70, baada ya sheria kubadilishwa 2013 kutoka miaka 50. Kwa hiyo wimbo wa 1978 uko hai kisheria hadi katikati ya karne hii. Ila fedha inagawanywa kwa orodha ya majina. Asiyekuwa kwenye orodha hapati, na orodha za nyimbo hizi nyingi ziko tupu.

Tulijaza maombi mezani kwa Bibi: namba ile ya mkwaruzo, tarehe aliyoikumbuka kwa sababu ya mtihani uliokuwa karibu, maelezo ya mmoja wa wale wasichana wawili ambaye tulimpata akiishi nje ya London. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo. Yeye alichotaka kuona zaidi ni ule ukurasa wenye jina la wimbo, na jina lake chini yake kama mwimbaji. Alimpigia dada yake Jamaika na kumsomea.

Nisiseme kila anayechapa upya ni mnyang'anyi. Honest Jon's, duka la santuri la Portobello Road, walipoanza 2002 kutoa mikusanyiko ya kalipso za London za miaka ya 1950, waliwarudishia watu kama Young Tiger na Lord Beginner masikio ambayo hawakuwa nayo kwa miaka mingi, na walifanya kwa adabu, na picha, na maelezo ya maisha. Wasikilizaji wengi wa leo wamezijua kalipso hizo kwa njia hiyo. Ninachosema ni kwamba kumpenda msanii kwa kuikusanya santuri yake na kumpenda kwa kumtafuta ni mapenzi mawili tofauti, na la pili linahitaji viatu na simu.

Kaseti. Mzee alirekodi dansi zake, kama wenye saundi wengi, na kaseti hizo zilizunguka London, Birmingham, hadi Kingston na New York, zikinakiliwa mpaka sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Humo muziki haukatiki na mwenyewe anaongea juu yake: anamsalimu fulani, anamtania mwenye gari lililoziba njia, anaomba sahani irudiwe mwanzo kwa sababu ukumbi umepiga kelele. Kwa mtafiti hii ni hazina kuliko santuri yenyewe, kwa kuwa inaonyesha watu walivyoupokea wimbo usiku ule.

Kaseti moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu "Machi 81". Nilikuwa nimeshazoea kelele za mwanzo, lakini hii inaanza kimya, kisha sauti ya Mzee, polepole, anaomba kila mtu asimame. Anasoma majina. Anasoma kumi na matatu.

Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1981, moto uliiteketeza nyumba namba 439 New Cross Road, mwendo mfupi kutoka hapa, katikati ya sherehe ya siku ya kuzaliwa. Vijana weusi kumi na watatu walikufa. Ilikuwa sherehe kama zile zote nilizozieleza hapo juu, sebule, spika, mabinti na wavulana. Machi 2 maelfu ya watu waliandamana kutoka New Cross hadi katikati ya London kwa sababu waliona nchi imenyamaza. Johnny Osbourne aliimba kuhusu vifo hivyo, na Linton Kwesi Johnson akaandika shairi lake. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Sikuwa nimewahi kusikia ukumbi mzima wa watu wa mtaa ule ule, wiki chache baadaye, ukiwa kimya mbele ya spika zilizowashwa. Mngurumo wa amplifaya unasikika chini ya majina. Mtoto mmoja anakohoa. Halafu Mzee anasema, "Sasa tuwachezee," na besi inaingia.

Bibi alikuwa amesahau kama kaseti ipo. Aliniomba nizime, tukanywa chai, akaniomba niwashe tena tangu mwanzo, na mara ya pili aliyataja majina pamoja na mumewe. Wawili kati yao aliwajua toka wakiwa wadogo. Mwanawe alikuja jioni ile kuleta dawa, akaisikia. Alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa ukumbini. Hajazungumzia tena mtu wa kusafisha nyumba.

Kuhusu mahali pa kuviweka, tulizungumza muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Brixton kuna Black Cultural Archives, taasisi iliyozaliwa 1981 na ambayo tangu 2014 ina jengo lake kwenye uwanja wa Windrush. British Library nayo ina hifadhi kubwa ya sauti, na mwaka 2024 iliandaa maonyesho ya muziki wa weusi wa Uingereza kwa kipindi cha miaka mia tano. Milango ipo, kuliko ilivyokuwa Mzee alipokuwa hai. Lakini hifadhi yoyote itauliza: haki ni za nani, nani aliyerekodi, nani anasikika, je familia zinaridhia? Aliyeziandika habari hizo kabla ya kubisha hodi anapokelewa kwa namna nyingine kabisa. Bibi ameamua kaseti, madaftari ya Mzee na vipeperushi vya dansi viende hifadhini kwa mkataba unaoziruhusu familia za mtaani kusikiliza bila malipo. Santuri za kawaida zinabaki nyumbani na zinapigwa. Anasema mumewe hakununua sahani ili zikae kwenye sanduku lisilo na asidi. Mimi nilitaka zote ziende; kwa hili neno lake ndilo la mwisho, na kadiri ninavyomwona akicheza jikoni ndivyo ninavyokubaliana naye.

Shangazi yangu Tanga nimemwomba afanye kazi kama hii kwa santuri za taarab za nyumbani, akiwa bado na wenzake wa kuwauliza. Ameanza. Ananitumia sauti kwenye simu, mara nyingi anaimba kwanza ndipo anakumbuka jina, na nimejifunza kutomkatiza.

Kwenye jedwali letu la Brockley bado kuna mistari mingi yenye alama ya kuuliza. Unaomshughulisha Bibi hivi sasa ni wimbo wa ska, muziki wa Jamaika uliotangulia rege, wa katikati ya miaka ya 1960, wenye tromboni ambayo kila mgeni anadhani ni ya Rico Rodriguez. Si ajabu, Rico alifika Uingereza 1961 na alipiga kwenye santuri nyingi za wenzake bila kutajwa kwenye lebo, mojawapo ikiwa wimbo wa Dandy Livingstone wa 1967 ambao kundi la The Specials liliurudia 1979, Rico yule yule akiwa kwenye tromboni. Lakini Bibi anakataa. Anasema Rico anavuta pumzi mapema zaidi, na kwamba huyu ni mtu aliyehamia Huddersfield kufanya kazi ya kiwandani, akaoa huko. Amepata namba ya simu ya binti yake kupitia kanisa. Wamepanga kuongea Jumamosi, na ameniagiza nimwekee wimbo kwenye simu yake, kwa sauti ya juu, uanzie pale tromboni inapoingia.